Chuma Hiki Kimetoka Wapi? Kutoka Nakawa hadi Thanjavur

Anayetaka kuielewa silaha ya kale ya India Kusini anaweza kuanzia Nakawa, mashariki ya Kampala, ingawa silaha yenyewe haiko hapo. Barabara ya Jinja inapita katikati ya mtaa huu ikiwa na malori yaliyotoka Mombasa na kuvuka mpaka Malaba au Busia. Soko kubwa limeegemea barabara hiyo. Chuo cha ufundi kilichoanzishwa mwaka 1971 kwa ushirikiano wa serikali za Uganda na Japani kiko hapa, na Taasisi ya Utafiti wa Viwanda ya Uganda nayo iko papa hapa. Sokoni wapo wauzaji wa majembe, mapanga na visu. Baadhi ya bidhaa zao zimetoka viwandani India na China, karatasi za kampuni zikiwa bado zimebandikwa. Nyingine zimefuliwa na wahunzi wa mjini humu kutokana na springi za magari. Panga la springi hujulikana kwa macho: mgongo wake mnene, ubapa wake una alama za nyundo, na mara nyingine karibu na mpini bado lipo tundu la bolti iliyokuwa ikiishika springi chini ya lori. Mpini ni mti wa kwetu, umebanwa kwa riveti zilizokatwa kwenye msumari. Ukiuliza panga hili ni la wapi, utaambiwa ni la Kampala, na huo si uongo. Lakini chuma chake huenda kiliyeyushwa Asia, kikavuka bahari kikiwa sehemu ya gari na kubeba saruji kwa miaka mingi, ndipo kikaingia motoni kwa mhunzi.

Nalileta panga hili mbele kwa sababu linafundisha namna ya kuitazama katara, silaha ambayo makumbusho makubwa ya dunia huiweka chini ya jina la India Kusini na kuishia hapo. Katara haina mpini wa kawaida. Ina vyuma viwili sambamba vinavyopita pande mbili za kifundo cha mkono, na katikati yake vipingo vya kushikia, hivyo mtu akikunja ngumi ubapa hutokeza moja kwa moja mbele ya vidole. Hoja yangu ni kwamba maelezo yanayobandikwa kando ya silaha kama hizi yanatupa nusu ya habari zake, na nusu iliyoachwa ndiyo inayotugusa sisi wa Afrika Mashariki. Sidai kwamba silaha hizo ni zetu. Nadai kwamba historia ya upanga wa Kihindi haijakamilika bila chuma cha pwani yetu, kwamba ushahidi wa jambo hilo ni wa kutosha kuandikwa ukutani, na kwamba jumba la makumbusho la Kampala ni miongoni mwa mahali panapostahili kuyaandika hayo.

Tuanze na kitu chenyewe. Jumba la Metropolitan la New York lina katara nyingi za karne za 16 na 17 zilizotoka Thanjavur, katika jimbo la leo la Tamil Nadu, na sehemu kubwa iliachwa kwa wasia na George Cameron Stone aliyefariki mwaka 1935. Tangu mwaka 2017 jumba hilo limeruhusu watu watumie bure picha za vitu vyake visivyobanwa na hakimiliki, kwa hiyo kijana wa Nakawa mwenye simu anaweza kuzikuza na kuzichunguza. Katara za Thanjavur zina kinga ya chuma iliyopinda kufunika mgongo wa mkono, imetobolewa kwa nakshi, na juu yake mara nyingi pana kichwa cha yali, yule mnyama mwenye sura ya simba anayechongwa kwenye nguzo za mahekalu ya India Kusini. Macho ya wengi huishia kwenye nakshi hizo. Mimi namwomba msomaji ashuke chini kidogo, pale ubapa unapokutana na mpini. Katika katara nyingi za mji huo ubapa haukufuliwa pamoja na mpini. Ni kipande cha upanga wa Ulaya, mifereji yake ya katikati ikiwa bado inaonekana, kimekatwa kwa kipimo kisha kikabanwa kwa riveti kati ya mabamba mawili. Panga za Ulaya zilifika huko kwa biashara ya bahari, hasa baada ya Wareno kujenga kambi zao pwani ya magharibi ya India, na wahunzi wa Kihindi walizithamini wakazigeuza watakavyo. Riveti za katara na riveti za panga la sokoni zinafanya kazi ileile: zinaunganisha vitu viwili vilivyozaliwa mbalimbali.

Kwa nini basi maelezo yaseme Thanjavur tu? Jibu limo katika namna silaha hizi zilivyokusanywa. Ufalme wa Thanjavur ulikuwa chini ya Wanayaka hadi miaka ya 1670, kisha ukawa chini ya Wamaratha mpaka Waingereza walipoutwaa mwaka 1855. Ghala lake la silaha lilikuwa limejaa kwa karne kadhaa, na mtafiti Robert Elgood, katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu silaha na ibada za Kihindu, amezihusisha nyingi na utamaduni wa Vijayanagara, dola iliyovunjwa nguvu katika vita vya Talikota mwaka 1565. Waingereza walilivunja ghala hilo katika karne ya 19. Silaha bora zilichaguliwa na kupelekwa kwenye makumbusho ya Madras, ambayo leo ni Makumbusho ya Serikali ya Chennai, na rundo kubwa lililobaki likavunjwavunjwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Upande wa Malabar, sheria ya mwaka 1854 ilipiga marufuku visu vya vita vya Wamapila, Waislamu wa pwani ile, na katika majuma machache ya kuitekeleza vilisalimishwa visu zaidi ya 7,000. Kwa hiyo jina la mahali tunalolisoma leo kwenye kabati la kioo mara nyingi ni jina la mahali kitu kilipokuwa kimelala siku kilipochukuliwa. Aliyekichukua hakumhoji mhunzi, na hakuwa na haja ya kumhoji.

Stone mwenyewe anastahili kutajwa hapa, kwa kuwa alikuwa mtaalamu wa madini kabla ya kuwa mkusanyaji. Kama yupo mtu aliyeweza kuuliza kuhusu chuma chenyewe ni yeye. Hata hivyo kamusi yake kubwa ya silaha, iliyochapishwa mwaka 1934, imepangwa kwa majina na maumbo, kuanzia A hadi Z, na makumbusho mengi yamefuata njia hiyo hiyo. Umbo huonekana kwa jicho, nakshi hupigwa picha, lakini chuma hakisemi kimechimbwa wapi mpaka kipimwe. Zamani kupima kulimaanisha kukata kipande, na hakuna mlinzi wa hazina anayefurahia kukatiwa kitu chake.

Sasa niingie kwenye ushahidi unaotuhusu. Mwaka 1154, huko Palermo, mwanajiografia al-Idrisi alimaliza kitabu chake cha maelezo ya dunia kwa ajili ya Mfalme Roger wa Pili wa Sicily. Anapofika nchi ya Zanji, yaani pwani yetu ya Afrika Mashariki, anazungumzia chuma kwa namna inayomshangaza msomaji wa leo aliyezoea kusikia habari za dhahabu na pembe tu. Anasema watu wa mji anaouita Malindi wana migodi ya chuma na kwamba chuma ndicho biashara yao kuu. Akifika Sofala, katika nchi ambayo sasa ni Msumbiji, anaeleza kwamba watu wa visiwa vya Zabaj, upande wa Sumatra na Java, huja kununua chuma na kukipeleka India, ambako huuzwa kwa bei nzuri. Sababu anayoitoa ina uzito: India ina chuma chake, lakini kile cha Sofala kinapatikana kwa wingi zaidi, ni bora zaidi na ni laini zaidi kufulika. Kisha anawasifu Wahindi kwa ustadi wao wa kukichanganya na kukiyeyusha mpaka kutoa panga zinazojulikana duniani kote kwa jina lao. Kwa maneno mengine, katikati ya karne ya 12 mtu aliyeandika kwa ajili ya mfalme wa Ulaya aliuona upanga wa Kihindi kama kazi ya pwani mbili.

Mpinzani wa kwanza atasema al-Idrisi hakuwahi kufika Sofala. Ni kweli. Aliandika akiwa Sicily, kwa kukusanya habari za wasafiri na vitabu vya waliomtangulia, na sehemu nyingine za ramani yake zina makosa makubwa. Lakini makosa ya umbali na mwelekeo ni jambo moja, na habari za bidhaa ni jambo jingine. Mfanyabiashara anaweza asijue mji uko nyuzi ngapi kusini, lakini bei anaijua. Tena habari hii haikuwa na faida ya kubuniwa: hakuna mfalme wa Sicily aliyefurahishwa kwa kusikia kwamba chuma cha Zanji ni laini. Na kwamba pwani na bara yake zilikuwa na uwezo wa kutoa chuma kwa wingi haitegemei neno la al-Idrisi peke yake. Dakawa, karibu na Morogoro, watafiti Randi Haaland na Cassian Msuya wameonyesha mabaki ya uyeyushaji wa milenia ya kwanza, na mavi ya chuma yaliyolala pale yanasimulia kazi iliyozidi mahitaji ya kijiji kimoja.

Mpinzani wa pili ana nguvu zaidi, naye sitaki kumpita haraka. Atanikumbusha barua za wafanyabiashara Wayahudi zilizohifadhiwa katika sinagogi la Kairo ya Kale. Mmoja wao, Abraham Ben Yiju, aliishi Mangalore katika miaka ya 1130 na 1140, yaani miaka ile ile al-Idrisi alipokuwa akikusanya habari zake, na barua zake zinaonyesha chuma cha aina mbalimbali kikisafirishwa kutoka pwani ya Malabar kwenda Aden. Kama India Kusini ilikuwa inauza chuma nje, ya nini inunue kutoka Afrika? Swali hili linachukulia kwamba chuma ni kitu kimoja. Nenda tena Nakawa: mtaa ule ule hununua mapanga mapya kutoka nje na hapo hapo huuza chuma chakavu kwa viwanda vya kuyeyusha, wala hakuna anayeona ajabu. Kuna chuma cha kutengenezea na kuna chuma kilichotengenezwa.

Zaidi ya hapo, tujue feleji maarufu ya India Kusini ilivyopikwa. Francis Buchanan, aliyepita Mysore na Malabar mwaka 1800 na 1801 na kuchapisha taarifa zake mwaka 1807, aliwaona mafundi wakifanya kazi hiyo. Walichukua chuma laini kilichokwisha kuyeyushwa na kufuliwa, wakakikata vipande, wakavitia katika vyungu vidogo vya udongo pamoja na vijiti na majani mabichi. Vyungu vikazibwa kwa udongo, vikapangwa tanurini na kuchochewa kwa mivukuto kwa saa kadhaa. Ndani ya chungu majani na vijiti huwa kaboni, kaboni hukiingia chuma, na chuma chenye kaboni ya kutosha huyeyuka chote. Chungu kikivunjwa hutoka donge dogo la feleji, na ukilifua kwa moto wa kadiri ubapa hutoka na mawimbi kama ya maji yanayotembea juu yake. Sasa tazama kinachohitajika mwanzoni mwa kazi hiyo: chuma laini, safi, kinachofulika. Ndiyo sifa hasa ambayo al-Idrisi anakipa chuma cha Sofala. Mafundi wenye tanuri za aina hii wangeweza kabisa kununua chuma laini kwa mkono mmoja na kuuza feleji kwa mkono wa pili. Barua za Ben Yiju na kitabu cha al-Idrisi hazigongani. Kila upande unaonyesha mlango mmoja wa karakana ile ile.

Na feleji hiyo ilirudi kwetu pia. Katika miaka ya 1990, Chapurukha Kusimba na wenzake walipima vyuma vilivyochimbuliwa katika miji ya kale ya pwani ya Kenya. Miongoni mwa vitu vya Galu, kusini ya Mombasa, walikuta feleji ya chungu. Kipande hicho ni kidogo kuliko ushahidi wowote wa maandishi, lakini mimi nakiona kizito kuliko vyote, kwa sababu kimepita maabara. Kinaonyesha kwamba biashara ya chuma kati ya pande hizi mbili za bahari iliacha alama ardhini.

Yupo atakayesema nimeruka karne nne. Al-Idrisi ni wa mwaka 1154, katara za Thanjavur ni za karne za 16 na 17, na wakati huo Wareno walioishika Sofala walikuwa wakizungumzia dhahabu. Nakubali pengo lipo, na ndiyo maana sisemi kwamba katara yoyote ya New York imefuliwa kwa chuma cha Sofala. Lakini pengo hilo linamfunga na mpinzani pia. Mabapa yalikatwa yakavishwa mipini mipya, panga zilizovunjika zikarudi motoni, na katara za Thanjavur zenyewe ni shahidi wa tabia hiyo. Umri wa mpini hautuambii umri wa ubapa, sembuse wa chuma. Asiyekipima chuma hana haki ya kukitaja kuwa cha India kama vile mimi sina haki ya kukitaja kuwa cha Sofala.

Njia za kupima zipo. Wanasayansi wa Italia na wataalamu wa Wallace Collection ya London wametumia nyutroni kuchunguza panga za Kihindi bila kuzikwaruza, wakapambanua feleji ya chungu na chuma kilichopigwa tabaka kwa tabaka. Kutaja mgodi ni kazi ngumu zaidi, kwani chuma kikiyeyuka chote ndani ya chungu, mavi yake huelea juu na kutengana nacho, na ndani ya mavi ndimo watafiti wamezoea kusoma alama za mwamba wa asili. Ila katika miaka ya 2010 pameanza kutumika kipimo cha isotopu za osimiamu, elementi inayobaki ndani ya chuma chenyewe, kutafutia asili yake. Kipimo hicho hakina maana bila sampuli za kulinganisha. Kama migodi na mavi ya chuma ya Afrika Mashariki havitapimwa, chuma chetu hakitatambuliwa hata kikiwa mbele ya macho ya mpimaji.

Hapo ndipo inapoingia safari fupi ya kutoka Nakawa kwenda Kitante, kwa Barabara ya Jinja hadi Lugogo, kisha kwa njia ya mchepuko mpaka Kira Road. Makumbusho ya Uganda yalianza mwaka 1908 katika ngome ya Lugard, Old Kampala, na yamo katika jengo la sasa, lililosanifiwa na Ernst May, tangu mwaka 1954. Nchi inayoyazunguka ni nchi ya wahunzi. Majembe ya Bunyoro yaliuzwa mbali kwa majirani. Mwenge, huko Tooro, uchunguzi wa Louise Iles umefuatilia ufundi wa uyeyushaji wa karne nyingi. Ng'ambo ya Ziwa Viktoria, mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walitangaza kwamba wazee wa Kihaya wa Buhaya walijua kuyeyusha chuma chenye kaboni kwa tanuri la kale, tangazo lililozua ubishi wa kitaalamu ambao haukupunguza thamani ya tanuri lenyewe. Najua atakuwapo wa kuniambia kwamba Bunyoro haikuuza chuma Sofala, na kwamba Kampala haina bahari. Sawa. Lakini mgeni anayeona mivukuto na mikuki katika jumba lile huondoka akidhani uhunzi wa Afrika uliishia kwenye shamba na vita vya jirani. Uganda inamjua Mhindi wa duka, wa pamba na wa sukari, na inakumbuka kwa uchungu mwaka 1972, Waasia walipofukuzwa. Haijaonyeshwa bado zama ambazo Mwafrika alikuwa muuzaji wa chuma na Mhindi mnunuzi wake.

Kwamba fedha ni chache, na kwamba vitu vingi vya Uganda yenyewe bado viko ng'ambo, ni pingamizi la haki. Jibu langu ni kwamba mambo haya mawili hayapigani. Mwaka 1962 Chuo Kikuu cha Cambridge kilirudisha masalia ya Kibuuka, mungu wa vita wa Baganda. Mwaka 2024 vitu 39 vilirudi kutoka huko huko kwa mkopo wa miaka mitatu unaoweza kuongezwa. Mimi ningependa virudi moja kwa moja, na mazungumzo hayo yaendelee. Lakini kama mlango wa mkopo umefunguka, kiombwe pia kitu kimoja kutoka Thanjavur, kikae kando ya vyombo vya wahunzi wa Bunyoro kwa mwaka mmoja. Mkopo ukichelewa, picha zipo bure.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Makumbusho ya Kitante na vyuo vya Nakawa vyenye wanafunzi wa vyuma vianze kukusanya sampuli za mavi ya chuma na mawe ya migodi ya kale, kuanzia Mwenge hadi Muko, ziwe tayari kwa kulinganishwa. Na wenye katara huko New York, London na Chennai waongeze mistari mitatu kwenye maelezo yao: mpini umetengenezwa wapi, ubapa umetoka wapi, na kama chuma chake kimepimwa au bado.